Akiba ya Malisho: Shimo au Robota?



Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila kunyesha mvua ya kutosha katika sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki ya nchi jirani ya Kenya. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Serikali ya nchi hiyo ililazimika kupeleka chakula kwa watu, na marobota ya majani makavu kwa wanyama. Mwezi wa Februari 2023, polisi na jeshi la Kenya walianza operesheni ya pamoja katika kaunti za kaskazini ya Bonde la Ufa, kupambana na wezi wa mifugo wenye silaha.

Yafaa tuwe waangalifu hapa. Ukame peke yake hauzai ujambazi. Wizi wa mifugo una mizizi yake mirefu, na risasi haziti kwenye nyasi. Hata hivyo, kila askari aliyewahi kutumwa kutuliza ugomvi wa wakulima na wafugaji anafahamu kwamba majani yanapokwisha, mpaka wa shamba hupoteza heshima yake. Sisi wenyewe hatujasahau Kilosa, mwezi wa Desemba 2000, ambako watu zaidi ya 30 waliuawa katika ugomvi wa namna hiyo. Kwa hiyo swali la ng'ombe atakula nini mwezi wa kiangazi ni swali la ulinzi na usalama, kama lilivyo swali la maziwa na nyama.

Katika nchi hiyo hiyo ya Kenya, kwenye nyanda za juu za Nakuru, Nyandarua, Uasin Gishu, Nandi, Kiambu na Meru, wako wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaoendelea kukamua hata majani ya malishoni yanapokauka. Ni kweli kwamba nchi yao ina mvua nyingi kuliko kaskazini, na ufugaji wao ni wa zizini, si wa kuhamahama. Lakini wengi wao wana jambo jingine linalowasaidia: wamejifunza kuweka akiba ya majani mabichi. Hivi sasa mjadala kati yao ni jinsi ya kuiweka akiba hiyo, yaani kuifukia shimoni kama walivyofanya tangu zamani, au kuifunga katika marobota yaliyovikwa plastiki kama mashine mpya zinavyowezesha. Mjadala huo unatuhusu. Makambi yetu ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo tangu kuundwa kwake 1963 limewafundisha vijana kulima na kufuga, yana ng'ombe. Magereza yana ng'ombe. Na askari wengi wanaokaribia kustaafu wana mipango ya kununua ng'ombe.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Malisho ya kuvundika, ambayo wataalamu huyaita saileji, si majani makavu. Majani makavu hukaushwa juani kisha yakafungwa. Saileji hukatwa ikiwa mbichi, ikakatwakatwa vipande vifupi vya sentimita 1 hadi 2, ikashindiliwa kwa nguvu na kufunikwa ili hewa isiingie. Mle ndani, vijidudu visivyohitaji hewa hula sukari iliyomo kwenye majani na kutoa uchachu. Uchachu huo ndio unaozuia majani yasioze, kama vile uchachu unavyoyahifadhi maziwa ya mgando. Baada ya wiki tatu hadi sita kazi huwa imekwisha, na malisho hayo yaweza kukaa mwaka mzima na zaidi bila kuharibika.

Wahenga wetu walisema akiba haiozi. Kwa nafaka iliyokauka vizuri ghalani, na kwa fedha, usemi huo ni wa kweli. Kwa saileji, akiba huoza, na huoza upesi, iwapo hewa itapata njia. Hewa ndiyo adui. Shimo na robota ni ngome mbili tofauti za kumzuia adui huyo mmoja, na kila ngome ina lango lake dhaifu. Anayetaka kuchagua hana budi kuyafahamu malango yote mawili.

Tuanze na shimo. Ubora wake mkubwa ni kwamba halihitaji mashine za bei kubwa. Linachimbwa kwa majembe mahali palipoinuka, pasipotuama maji, na mfereji wa kuzuia maji ya mvua unachimbwa upande wa juu. Kuta zinatandikwa karatasi ya plastiki. Majani yaliyokatwakatwa yanamwagwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka lisizidi sentimita 20, na kila tabaka linashindiliwa kabla ya lingine kumwagwa. Mwenye trekta hupitisha trekta juu yake. Asiyekuwa nalo huvingirisha pipa lililojaa maji, na watu hukanyaga pembeni ambako pipa halifiki. Shimo likijaa linafunikwa plastiki, kisha udongo wa kutosha juu yake. Kama majani ni matete, ambayo sukari yake ni kidogo, huongezwa molasi. Kama ni mahindi yaliyovunwa pamoja na magunzi yake, sukari yake yenyewe inatosha.

Udhaifu wa shimo upo katika mambo mawili. La kwanza ni muda wa kulijaza. Shimo linalojazwa kwa wiki nzima, leo kidogo na kesho kidogo, limekwisha kuoza kabla ya kufunikwa. Yafaa lijazwe na kufungwa kwa siku moja au mbili, na hiyo inataka watu wengi kwa wakati mmoja. Kwa mkulima mwenye mke na watoto wawili hilo ni gumu. Kwa kambi yenye kombania ya vijana, ni zoezi la asubuhi moja.

La pili ni mdomo wa shimo baada ya kufunguliwa. Siku ile plastiki inapoinuliwa, hewa inaingia, na katika nchi zetu za joto uharibifu huanza mara moja. Dawa yake ni kula haraka kuliko adui anavyoingia. Malisho hukatwa kama mkate, kutoka juu hadi chini, unene wa sentimita 20 hadi 30 kila siku, kisha mdomo hufunikwa tena. Anayefukua katikati kama kuku, au anayeacha mdomo wazi, hupoteza sehemu kubwa ya jasho lake.

Hapa ndipo hesabu inapoingia, nayo ni hesabu rahisi. Tuchukue kambi yenye ng'ombe 20 wa maziwa. Kila mmoja apewe kilo 20 za saileji kwa siku, pamoja na malisho mengine. Hizo ni kilo 400 kwa siku. Kiangazi kikiwa cha siku 120, zinahitajika kilo 48,000, yaani tani 48. Shimo lililoshindiliwa vizuri hubeba takriban kilo 600 katika kila mita ya ujazo, kwa hiyo linahitajika shimo la mita za ujazo 80. Je, liwe na umbo gani? Kama tunataka kukata sentimita 25 kila siku, na kila siku tunatoa kilo 400, basi mdomo wa shimo usizidi kwa kiasi kikubwa mita 2 upana na mita 1 na theluthi moja kina. Urefu wake utakuwa mita 30, au mashimo mawili ya mita 15. Wengi hukosea kwa kuchimba shimo pana na fupi, kwa sababu linaonekana kubwa na la kujivunia. Shimo la namna hiyo lina mdomo mkubwa kuliko vinywa vya ng'ombe waliopo, nao ukungu hula kabla yao.

Sasa tuligeukie robota. Katika miaka ya karibuni, wakandarasi wa Kenya wamenunua mashine zinazokatakata mahindi shambani, kuyashindilia kwa nguvu nyingi katika umbo la duara, kuyafunga kwa wavu, na kuyavika plastiki inayonata, tabaka juu ya tabaka. Marobota makubwa huwa na kilo mia kadhaa, na yako madogo ya kilo 50 hivi. Mashine hiyo huenda shamba kwa shamba, na mfugaji hulipia kazi, au hununua marobota yaliyokwisha kufungwa.

Faida zake ni za kweli. Kila robota ni ghala dogo linalojitegemea. Ukifungua moja, mengine yote yanabaki salama. Majani hushindiliwa na mashine, kwa hiyo uzembe wa watu haupati nafasi kubwa. Na zaidi ya yote, robota husafiri. Shimo haliwezi kupakiwa kwenye lori. Mfugaji wa Kiambu asiye na ardhi ya kulima mahindi aweza kununua malisho yaliyolimwa Bonde la Ufa, na mkulima wa huko akapata fedha bila kufuga hata ng'ombe mmoja. Kwa lugha inayofahamika kwenu, shimo ni bohari ya kambi, na robota ni masurufu ya kikosi kilicho safarini. Hakuna kamanda anayeuliza kipi bora kati ya hivyo viwili bila kuuliza kwanza kikosi kinakwenda wapi.

Lakini robota nalo lina lango lake dhaifu, na lango hilo ni ngozi yake. Plastiki hiyo ni nyembamba. Tundu moja la mwiba, la jino la panya au la mdomo wa ndege, linatosha kuingiza hewa, na baada ya wiki chache upande huo umejaa ukungu. Tabaka nne za plastiki ndizo za chini kabisa. Kwa akiba itakayokaa miezi mingi juani, tabaka sita ni salama zaidi. Marobota yasivingirishwe juu ya kokoto wala kuburutwa. Robota la kilo 400 halibebwi na watu wanne. Linataka trekta lenye mikono ya kunyanyulia, na mikono hiyo isiwe ya kutoboa. Kila tundu linaloonekana lizibwe siku hiyo hiyo kwa utepe wa kunata.

Tena, robota likishafunguliwa linatakiwa liishe kwa siku chache, mbili au tatu katika joto letu. Ng'ombe 10 wanaokula kilo 20 kila mmoja humaliza robota la kilo 400 kwa siku mbili; hapo robota limepata wenyewe. Ng'ombe wawili watalila kwa siku kumi, na tangu siku ya nne watakuwa wanalishwa uozo. Mwenye ng'ombe wawili asivutwe na ukubwa wa robota. Linalomfaa ni robota dogo, au mfuko mrefu wa plastiki nzito unaojazwa na kushindiliwa kwa mikono, njia ambayo wafugaji wadogo wa Kenya wamekuwa wakifundishwa na watafiti wao kwa miaka mingi. Somo hilo laweza kuwafaa pia jirani zetu wa Rwanda, ambako tangu 2006 serikali imekuwa ikizipatia familia maskini ng'ombe mmoja mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi wa marobota hana budi kulijua: asinunue maji. Mahindi ya saileji yavunwe wakati punje imefika katikati, nusu yake ya juu imekwisha kuwa ngumu na nusu ya chini bado ina maziwa. Wakati huo, katika kila kilo 100 za majani, kilo 30 hadi 35 ni chakula chenyewe na zilizobaki ni maji. Robota la kilo 400 lililovunwa kwa wakati wake lina kilo 120 za chakula, au zaidi. Robota la uzito huo huo lililovunwa likiwa bichi mno laweza kuwa na kilo 90 tu, na muuzaji akatoza bei ile ile. Kipimo cha mkono kinasaidia: kamata majani yaliyokatwakatwa, yafinye kwa nguvu, kisha achia. Yakichuruzika maji, ni mabichi mno. Yakitawanyika mara moja, yamekauka mno na hayatashindilika. Yakibaki bonge linalofunguka polepole, ni sawa.

Mnunuzi anuse vilevile. Saileji nzuri ina harufu ya uchachu safi na rangi ya kijani iliyofifia. Ikinuka kama siagi iliyooza, imevundikwa ikiwa na maji mengi. Ikiwa ya kahawia iliyoiva na harufu ya tumbaku, imeungua kwa joto la hewa iliyoachwa ndani. Sehemu yenye ukungu isipewe ng'ombe hata kidogo. Saileji iliyoharibika yaweza kumletea ng'ombe ugonjwa na kumharibia mimba, na baadhi ya sumu za ukungu hupita katika maziwa na kumfikia mtoto anayeyanywa. Anayesema ng'ombe hachagui anaweka rehani afya ya nyumba yake.

Ndugu wasikilizaji, sasa tuzungumze juu ya fedha. Askari anayestaafu hupokea kiinua mgongo chake mara moja tu katika maisha. Katika maonyesho ya kilimo, huko Kenya na hapa kwetu siku za Nane Nane, mashine ya kufunga marobota inavutia macho. Inameza mahindi upande mmoja na kutoa mzigo uliofungwa upande wa pili, na ni rahisi kwa mtu kujiona tayari ni tajiri. Lakini na tutazame jinsi mashine hiyo inavyoishi kwa jirani zetu. Inaishi kwa kutembea. Mahindi yanafaa kuvunwa kwa saileji katika muda wa wiki chache tu, kwa hiyo mkandarasi hufuata majira kutoka sehemu moja hadi nyingine, akihudumia mashamba mengi, akiwa na trekta, fundi, vipuri, na plastiki ya kutosha. Mashine hiyo ikifungiwa nyuma ya nyumba ya mtu mwenye ng'ombe watano, itafanya kazi siku mbili kwa mwaka na kupata kutu siku 363. Mtu huyo hakununua mashine, alinunua deni.

Njia ya busara ni kuhesabu gharama ya kila kilo inayofika kinywani mwa ng'ombe, wala si gharama ya kila kilo iliyovunwa. Katika shimo, weka gharama ya kuchimba, watu, mafuta ya trekta na plastiki, kisha toa kile kitakachooza juu na pembeni. Shimo la mzembe laweza kupoteza robo ya mali iliyomo; la mwangalifu hupoteza kidogo sana. Katika robota, weka gharama ya mkandarasi, wavu, plastiki na usafiri, kisha toa yale yatakayotobolewa. Atakayefanya hesabu hiyo kwa ukweli ataona kwamba mahali ambapo malisho yanalimwa na kuliwa pale pale, na watu wa kushindilia wapo, shimo kwa kawaida hushinda. Mahali ambapo malisho lazima yasafiri, au yauzwe, au ng'ombe ni wachache mno kuumaliza mdomo wa shimo, robota la ukubwa unaofaa hulipa.

Lipo pia suala la taka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwezi wa Agosti 2017, na sisi tukafuata mwezi wa Juni 2019. Plastiki ya marobota si mifuko hiyo, lakini ikitupwa malishoni ina madhara yale yale. Ng'ombe aliyemeza plastiki hukonda huku tumbo limejaa, na mwishowe hufa. Itakuwa aibu kumwokoa ng'ombe kwa chakula kilicho ndani ya robota na kumuua kwa ganda lake. Kila ganda likusanywe na kuhesabiwa, kama yanavyohesabiwa maganda ya risasi baada ya shabaha.

Mwisho, jirani zetu wamekuwa wakibishana juu ya jambo zito zaidi, yaani mahindi yenyewe. Bei ya saileji ikipanda, mkulima hushawishika kuyauza mahindi mabichi kwa ng'ombe kabla hayajawa unga wa watu. Hoja hiyo haina jibu jepesi, kwa sababu mkulima ana haki ya jasho lake, na maziwa nayo ni chakula. Lakini kambi au kijiji kinachopanga akiba yafaa kitenge mapema shamba la ng'ombe na shamba la watu, na kitumie pia mtama na matete. Aidha, mahindi ambayo mvua imeyakatia njiani, na ambayo hayatatoa tena punje, yasiachwe yakauke shambani. Hayo ndiyo ya kwanza kuvundikwa.

Tusidanganyane kwamba saileji itamaliza ukame wa nchi za wafugaji wanaohamahama, wala kwamba itaziba mapengo yote ya mipakani. Mfugaji mwenye ng'ombe mia tatu katika nyika hawezi kuwalisha wote kutoka shimoni. Lakini kila zizi, kila kambi na kila kijiji kinachojitegemea kwa malisho ya kiangazi kinapunguza kundi moja katika safari ya kutafuta majani kwenye shamba la mtu mwingine. Huko ndiko mnakotumwa ninyi pale mambo yanapoharibika.

Kwa hiyo, kabla ya mvua kwisha, kila mwenye ng'ombe ajiulize maswali matatu. Ni vinywa vingapi vitakula kila siku? Malisho haya yatakaa hapa au yatasafiri? Na siku ya kuvuna, watu au mashine zipo? Atakayejibu kwa kweli atajua kama achukue jembe akachimbe, au amwite mwenye marobota. Asiyejiuliza atayapata majibu yake kiangazi, wakati shimo halichimbiki tena na robota limepanda bei.